Sura ya Saba: Motokaa Tatu za San Dimas

Upande wa mashariki ya Los Angeles, mahali ambapo barabara kuu za California hupishana na kufumana usiku na mchana pasipo kutulia, upo mji mdogo uitwao San Dimas, na katika mji huo, miaka ya tisini ya karne iliyopita, karakana ya watu wachache ilianza kuunda motokaa za michezo zinazokwenda kwa umeme, zikatimia tatu, kisha ya nne isiundwe. Hazikupata kupangwa madukani, wala kampuni kubwa yoyote haikupata kuzitia chapa yake. Walakini mtu atakayetaka kueleza kwa tafsili jinsi motokaa zisizo na moshi zilivyotoka katika dhihaka zikaingia katika heshima hawezi kuzipita hizo tatu, na akizipita itamlazimu aanze hadithi yake katikati.

Jina la motokaa hiyo lilikuwa tzero, nalo liliigizwa kutoka katika alama ambayo wanahisabati huandikia wakati wa kuanza kupima. Kabla sijaeleza umbo lake ni wajibu nieleze nasaba yake, maana ilizaliwa na ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa elimu, wa biashara na wa sheria kwa pamoja, hata mtu asiyeujua ubishi huo akiiona motokaa yenyewe ataiona ni mchezo wa vijana wenye fedha, na hatakuwa ameiona hata kidogo.

Mtu wa kwanza katika habari hizi ni Alan Cocconi, mhandisi wa umeme aliyesoma California Institute of Technology, mjini Pasadena, naye ni mwana wa Giuseppe Cocconi, mwanafizikia Mwitaliani ambaye mwaka 1959, pamoja na mwenziwe Philip Morrison, alichapisha katika jarida la Nature makala iliyopendekeza kwamba wanadamu watege sikio kwa mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota, huenda wakasikia salamu za viumbe wengine. Baba alishughulika na ishara zilizo mbali kupita fikira. Mwana alijitia katika jambo lililo karibu sana, ambalo hata hivyo lilikuwa limewashinda wengi, nalo ni jinsi ya kuutawala umeme mwingi ndani ya kisanduku kidogo bila ya kisanduku hicho kuungua. Mwaka 1987 kampuni ya General Motors, ikisaidiwa na AeroVironment ya mvumbuzi Paul MacCready, ilipeleka Australia gari la jua lililoitwa Sunraycer, likashindana kutoka Darwin hadi Adelaide, mwendo wa kilomita zaidi ya 3,000, likawatangulia wengine kwa muda mrefu hata mashindano yakakosa utamu. Na Cocconi alikuwa mmoja wa waliotengeneza vyombo vyake vya umeme. Ushindi huo ukawatia wakubwa wa General Motors hamu ya kuuliza: ikiwa jua peke yake laweza kulivusha gari bara zima, je, betri haziwezi kumpeleka mtu kazini na kumrudisha?

Jibu la swali hilo lilikuwa motokaa iliyoitwa Impact, iliyoonyeshwa Los Angeles mwezi wa Januari 1990, na moyo wake ulikuwa kazi ya Cocconi. Hapa sina budi kumwomba msomaji anisubiri kidogo niingie karakanani. Betri hutoa umeme uendao njia moja tu, ilhali mota iliyokuwa bora kwa motokaa kwa rai ya Cocconi, ile iliyobuniwa katika miaka ya 1880 na Galileo Ferraris huko Italia na Nikola Tesla huko Marekani, isiyokuwa na brashi za kulika wala sumaku za kudumu, huhitaji umeme uendao na kurudi, tena wenye kubadili kasi ya kwenda na kurudi kwake kila mara dereva anapokanyaga au kuachia kikanyagio. Chombo cha kuugeuza umeme huo mafundi hukiita inveta. Inveta zenye nguvu za kutosha zilikuwako viwandani siku nyingi, lakini zilikuwa kubwa na nzito, za kusimama ukutani, na hakuna aliyetazamia kuzipakia katika gari la watu wawili. Cocconi, kwa kutumia transista zinazofunga na kufungua mkondo maelfu ya mara katika sekunde moja, aliufanya mzigo huo uingie mahali pa injini na nafasi ikabaki. Impact ilitoka katika kusimama ikafikia mwendo wa maili 60 kwa saa kwa muda wa sekunde 8, na watu waliozoea kuyajua magari ya umeme kama vyombo vya kubebea mifuko katika viwanja vya gofu waliduwaa.

Mkuu wa General Motors wa siku zile, Roger Smith, kwa furaha ya mapokezi hayo, alitangaza kwamba kampuni yake itaiunda motokaa hiyo kwa ajili ya kuuza, na tangazo lake halikuishia magazetini. Baraza la hewa la California, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likipigana na moshi uliotanda juu ya Los Angeles, lilipitisha mwaka ule ule wa 1990 amri kwamba kila kampuni kubwa ya motokaa, ikitaka kuendelea kuuza katika jimbo hilo, ifikapo mwaka 1998 asilimia 2 ya magari yake yawe hayatoi moshi kabisa, mwaka 2001 asilimia 5, na mwaka 2003 asilimia 10. Kampuni iliyotaka kusifiwa kwa kuonyesha kwamba jambo linawezekana ikajikuta imefungwa kwa ushahidi wake yenyewe. Kuanzia hapo wenye viwanda waligeuza maneno, wakaanza kutafuta hoja za kuthibitisha kwamba jambo haliwezekani: kwamba betri ni nzito, kwamba safari ni fupi, kwamba mnunuzi hataki gari la kunyenyekea. Na hoja hii ya mwisho, ya unyenyekevu, ndiyo iliyomkera Cocconi kuliko zote.

Yeye hakubaki na Impact ilipokuwa ikigeuzwa kuwa EV1, maana kazi ya vyombo vya umeme ilikabidhiwa Hughes, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, na mtu wa tabia yake, apendaye kufanya kazi peke yake mezani mwake na kulijua kila waya, hakuwa wa kustahimili kamati. Mwaka 1992 alianzisha AC Propulsion pamoja na Paul Carosa na Wally Rippel. Rippel naye anastahili neno lake: mwaka 1968, alipokuwa mwanafunzi huko Pasadena, alikuwa amegeuza basi dogo la Volkswagen liende kwa umeme, akawaalika wanafunzi wa Massachusetts Institute of Technology washindane naye kuvuka Marekani, wao wakitoka mashariki na yeye akitoka magharibi, safari ikachukua zaidi ya juma zima, ikajaa betri zilizopata moto kupita kiasi na magari yaliyokokotwa kwa kamba, na zilipohesabiwa adhabu ushindi ukawa wa basi la Pasadena. Basi lilionekana ni mzaha wa vijana, lakini mtu aliyevuka bara kwa betri za mwaka 1968 hakuwa wa kutishwa na neno “haiwezekani” miaka ishirini na minne baadaye.

Mwaka 1996 baraza la California lilirudi nyuma, likafuta sharti la mwaka 1998 kwa kusihiwa na kusukumwa na wenye viwanda, waliodai kwamba magari ya umeme hayajapevuka. Mwezi wa Januari wa mwaka uliofuata tzero ilitolewa hadharani. Sitaki kudai kwamba moja ni jawabu la jingine neno kwa neno, maana motokaa haiundwi kwa siku chache, lakini atazamaye tarehe hizo mbili zikiwa zimekaa bega kwa bega hawezi kukosa kuona ya kwamba chombo kile kilikuja kama burhani mahali ambapo maneno yalikuwa yamekwisha nguvu.

Umbo lake waliliazima. Kulikuwa na motokaa ndogo iliyoitwa Sportech, ya wazi juu, ya viti viwili, yenye mashavu ya tairi yaliyotoka nje kidogo, ambayo iliuzwa kwa vipande ili mwenye mikono hodari aijenge mwenyewe. Fremu yake ya mabomba ya chuma na bodi yake ya faibaglasi zikawafaa watu wa San Dimas ambao hawakuwa na mashine za kukandamizia mabati wala fedha za kuzinunua. Ndani yake walitia betri 28 za risasi, za jamaa ya zile zinazowashia motokaa za kawaida, zikaungwa kwa mfululizo hata zikatoa volti 336, na mota ya nguvu za farasi 200 iliyopozwa kwa hewa tu. Gia ilikuwa moja. Klachi haikuwako. Dereva alipoondoa mguu katika kikanyagio, mota iligeuka kuwa jenereta, ikaishika motokaa kwa nguvu na kuurudisha umeme katika betri, hata aliyeizoea aliweza kuendesha mjini kutwa na asiguse breki ila kwa nadra.

Nguvu za injini ya petroli huja kwa kupanda: lazima izungushwe kwanza, ipige kelele, ifikie kiwango chake, ndipo ikupe ilicho nacho, na dereva stadi ni yule ajuaye kubadili gia pasipo kuipoteza. Mota ya umeme hutoa msukumo wake tangu mzunguko wa kwanza. Kwa sababu hiyo tzero, ijapokuwa ilikuwa imebebeshwa risasi kama mkimbiaji aliyetwikwa gunia la chumvi, ilitoka katika kusimama ikafika maili 60 kwa saa kwa muda wa sekunde 4.07, kasi ambayo wakati ule ilikuwa ya motokaa chache mno duniani, tena za bei ya kutisha. Wenyewe waliipeleka kwenye viwanja vya mbio fupi, wakaipambanisha na Ferrari, Porsche na Corvette, na picha za video za mashindano hayo zikasambaa: upande mmoja ngurumo na moshi wa tairi, upande wa pili kitu cha rangi ya manjano kinachoondoka kimya na kuwa mbele. Ni kweli kwamba mwendo wake wa juu kabisa haukuwa mkubwa, kiasi cha maili 100 kwa saa au pungufu, na katika barabara ndefu hao walioshindwa wangeipita. Lakini hakuna aliyekuwa amesema kwamba gari la umeme halina mwendo wa maili 150. Walikuwa wamesema halina uhai.

Kuhusu urefu wa safari, betri zile ziliiwezesha kwenda maili 80 hadi 100, kisha ikahitaji kutiwa umeme. Na hapa mafundi wale walifanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko hata kasi yenyewe, kwa maana linaonyesha akili isiyo na kiburi. Waliunda tela dogo la magurudumu mawili, wakatia ndani yake injini ya pikipiki ya Kawasaki yenye kuzungusha jenereta, ili mtu atakaye kusafiri mbali alifunge nyuma ya motokaa yake na kuendelea bila ya kusimama, na akifika alifungue aliache nyumbani. Kila aliyewahi kurudisha nyuma gari lenye tela fupi anajua fedheha yake: ukipinda usukani kidogo, tela hukunja kama kisu. Wao waliyapa magurudumu ya tela uwezo wa kujigeuza yenyewe wakati wa kurudi nyuma, hata likafuata gari kwa adabu. Jambo la namna hii halimpatii mtu sifa magazetini, wala halikumpatia Cocconi.

Basi kwa nini haikuuzwa? Walitaja bei ya dola 80,000 kwa motokaa yenye betri za risasi, nao wanunuzi wa kweli walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kwa kuwa mwenye dola 80,000 alitaka pia paa, mifuko ya hewa, duka la kumtengenezea, na chapa ambayo jirani yake ataitambua. Zaidi ya hayo, motokaa haiuzwi kwa umma Marekani kwa sababu ina mbio. Yahitaji kuvunjwa kadhaa mbele ya wakaguzi ili kuthibitisha usalama wake, na kampuni yenye motokaa tatu kwa jumla haina za kuvunja. Mafundi wa San Dimas walijipatia chakula kwa kuwauzia wengine vyombo vyao vya umeme na kwa kazi za utafiti, na mwaka 2003, baraza la California lilipolegeza tena amri yake na General Motors ikaanza kuzikusanya EV1 ilizokuwa imewakodisha watu ili izipondeponde, mahitaji ya vyombo hivyo yalikauka, na kampuni ikawa hoi.

Wokovu ulitoka katika michezo. Cocconi alikuwa mpenzi wa ndege ndogo zinazorushwa kwa redio, na wapenzi wa ndege hizo walikuwa wamekwisha kuvumbua kwamba seli za lithi, zile za umbo la silinda zinazotumika katika kompyuta za kupakata, hubeba umeme mwingi mno kwa uzito mdogo. Seli moja haikaribii hata kuisogeza motokaa. Lakini je, seli elfu kadhaa? Wakati huo huo alitokea Martin Eberhard, mhandisi aliyekuwa ameunda pamoja na Marc Tarpenning kitabu cha kielektroniki kilichoitwa Rocket eBook na kuiuza kampuni yao kwa faida kubwa, naye alikuwa akitafuta motokaa ya michezo ambayo dhamiri yake ingeikubali. Alikwenda San Dimas, akaiendesha tzero, akatoa fedha zake, zaidi ya dola 100,000, ili majaribio ya lithi yafanyike. Betri 28 za risasi zikatolewa, seli zipatazo 6,800 zikaunganishwa mahali pake, uzito ukapungua kwa mamia ya ratili, na motokaa ile ile, kwa mota ile ile, ikafika maili 60 kwa saa katika sekunde 3.6 na kuweza kusafiri maili zipatazo 300. Mwezi wa Septemba 2003 iliingia katika mashindano ya Michelin Challenge Bibendum huko Sonoma, ambako viwanda vikubwa vya dunia vilileta motokaa zao safi zipimwe, nayo ikatoka na alama za juu kuliko zote.

Katika miezi hiyo hiyo kijana mmoja mhandisi, J. B. Straubel, alimweleza Elon Musk habari za betri hizo walipokuwa wakila chakula cha mchana, na Musk, aliyekuwa amepata mali kutokana na mauzo ya PayPal, akaomba aonyeshwe tzero. Aliiendesha. Akawasihi wenyewe waiunde kwa kuuza, na fedha angetoa. Wakakataa.

Kukataa huko kumechekwa sana na waandishi wa baadaye, wanaopenda kuwachora watu wa San Dimas kama watu waliopewa ufunguo wa hazina wakautupa baharini. Mimi sikubaliani nao kwa wepesi. Tom Gage, aliyekuwa akiiongoza kampuni, na wenziwe waliamini kwamba ubishi wa kasi umekwisha kushindwa, na kwamba kuendelea kuunda vitu vya kuchezea matajiri ni kuupoteza ushindi huo. Walitaka kuchukua Scion xB, gari la Toyota la bei nafuu lenye umbo la sanduku, wakaling’oa injini, wakalitia vyombo vyao, likawa motokaa ya mtu wa kawaida wa kwenda kazini na sokoni. Ukiitazama kwa jicho la haki, nia hiyo ni njema kuliko ile ya kumuuzia milionea gari lake la nne. Kosa lao lilikuwa katika hesabu: lilipotoka, gari hilo, kwa jina la eBox, lilimgharimu mnunuzi takriban dola 70,000, na mtu wa kawaida wa kwenda sokoni hana dola 70,000 za kununulia sanduku. Eberhard aliyatazama mambo kinyume. Katika mitaa ya matajiri ya Palo Alto alikuwa ameona Toyota Prius, motokaa ya watu wanyenyekevu, imeegeshwa mbele ya nyumba moja pamoja na magari ya michezo ya fahari, akafahamu kwamba wenye nyumba hizo hawatafuti kuokoa senti za petroli, wanataka kutofedheheka. Ikiwa betri ni ghali, basi na auziwe kwanza yule ambaye ughali haumuumi.

Kwa kuwa AC Propulsion hawakutaka kuiunda tzero, Gage aliwakutanisha Musk na Eberhard, ambaye pamoja na Tarpenning alikuwa amekwisha kuiandikisha kampuni ya Tesla Motors mwezi wa Julai 2003. Mwanzoni mwa 2004 Musk aliweka dola milioni 6.5 katika kampuni hiyo, nayo ikanunua ruhusa ya kutumia maarifa ya San Dimas. Azma ilikuwa nyepesi, tena yenye kudanganya kwa wepesi wake: kuchukua mwili wa Lotus Elise kutoka Uingereza, kuutia vyombo vya tzero, na kuuza. Kumbe kati ya burhani na bidhaa pana bahari. Inveta ya Cocconi ilirekebishwa kwa mkono, moja moja, na fundi aliyeifahamu. Ya kuuzwa lazima ijirekebishe yenyewe katika baridi ya Norway na joto la Arizona, kwa hiyo waliiunda upya iongozwe kwa kompyuta. Seli za tzero zilifungwa kwa imani. Za kuuzwa ziliwekewa mifereji ya kupoza ili moja ikishika moto isiwashe jirani zake. Gia mbili walizotamani zilivunjika katika majaribio, wakarudi kwenye gia moja, kule kule Cocconi alikokuwa mwaka 1997. Mwili wa Elise ulirefushwa na kubadilishwa hata zikabaki sehemu chache tu zilizofanana na za asili. Roadster ilionyeshwa mwaka 2006, ikaanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2008, kwa bei iliyopita dola 100,000, na hadi mwaka 2012 zilikuwa zimeuzwa 2,450 hivi. Eberhard mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka kwa uchungu. Ndani ya kila moja zilikuwamo seli 6,831, hesabu ambayo msomaji aliyefuata sura hii hatahitaji kuelezwa ilitoka wapi.

Hapo ndipo huanza hadithi ya Tesla, ambayo imeandikwa kwingine kwa marefu kupita kiasi. Walioachwa pembeni hawakuandikwa sana. Ian Wright, mhandisi kutoka New Zealand aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Tesla, alitoka akachukua fremu ya Ariel Atom, gari la Kiingereza lisilo na bodi, akaitia vyombo vya AC Propulsion, akapata chombo alichokiita X1 kilichofika maili 60 kwa saa kwa sekunde 3 hivi. Nacho hakikuuzwa, na mwenyewe akageukia malori ya taka, ambayo kwa kweli hunywa mafuta mengi kuliko motokaa yoyote ya michezo. BMW ilinunua vyombo vya San Dimas ikavitia katika Mini mia kadhaa, ikawakodisha watu Marekani na Ulaya tangu 2009, kisha ikazichukua. Cocconi alirudi kwenye ndege zake: mwezi wa Juni 2005 ndege yake ya jua iitwayo SoLong, yenye mabawa yasiyofika mita 5 kutoka ncha hadi ncha, ilikaa angani juu ya jangwa la California kwa muda wa saa 48, ikila jua mchana na kulala juu ya betri za lithi usiku, yeye na wenziwe wakipokezana kuiongoza kutoka chini.

Liko jambo moja katika tzero ambalo warithi wake hawakulichukua, nami naliona ni la thamani kuliko zile sekunde 3.6. Cocconi, kwa kutotaka kubeba chaja nzito, alikuwa ameufanya mzunguko ule ule wa inveta na nyaya zile zile za mota zifanye pia kazi ya kupokea umeme kutoka ukutani. Na kwa kuwa mlango ule ulifunguka pande zote mbili, motokaa iliweza kurudisha umeme ukutani vile vile. Alec Brooks, mhandisi wa kampuni hiyo aliyekuwa amefanya kazi na MacCready zamani za Sunraycer, alilifanyia jambo hilo majaribio mwaka 2002 kwa niaba ya baraza la hewa la California, kwa Volkswagen iliyogeuzwa iende kwa umeme, akaonyesha kwamba motokaa iliyosimama, ambayo kwa desturi husimama sehemu kubwa ya siku, yaweza kuusaidia mtandao wa umeme kusawazisha mzigo wake dakika kwa dakika, na mwenye motokaa akalipwa kwa msaada huo. Katika Chuo Kikuu cha Delaware, Willett Kempton aliyachukua mawazo hayo akayaendeleza, na miongoni mwa magari aliyoyatumia zilikuwamo eBox, yale masanduku ya bei mbaya. Tesla, ilipounda chaja zake, iliufanya mlango ule uwe wa kuingilia tu, na viwanda vingi vikafuata mfano huo kwa miaka mingi, hata siku hizi za karibuni vilipoanza, kimoja kimoja, kuutangaza mlango wa kutokea kama uvumbuzi mpya, na kuutozea fedha zake mbali.